Moramu mara mbili, mvua mara mbili, njia ya gari imebaki korongo: tatizo ni kifusi au maji?

#1 Kihamba_80
Wakuu, habari za leo. Naomba mawazo yenu kabla masika hayajaanza, nimebakiwa na wiki chache.

Nyumba iko kijijini, Marangu. Njia ya gari kutoka barabara ya kijiji mpaka uani ni mita 80 hivi, upana mita 3, inateremka. Upande mmoja ni migomba na kahawa zetu, upande wa pili uzio wa masale unaotutenga na baba mdogo. Mwaka 2021 nilimwaga moramu tripu 6 za Fuso, tukasambaza kwa majembe na koleo, ikapendeza. Masika iliyofuata ikaanza kuchanika katikati. Nikarudia 2023 mwezi wa tisa, tripu 5. Zikaja mvua za El Niño za vuli ile. Kufika Krismasi moramu yote iko chini uani, imerundikana mbele ya mlango wa jiko, na njiani kuna korongo ambalo mguu unazama mpaka gotini.

Mama ana miaka 74 na goti linamsumbua. Siku za mvua gari halimfuati mlangoni, anashushwa barabarani na kuteremka na fimbo huku ameshika masale. Hilo linaniuma kuliko fedha.

Swali langu: nibadilishe kitu cha kuweka juu (kokoto, zege, mawe, vitofali), au tatizo ni maji na chochote nitakachoweka kitaondoka?

#2 Dereva wa Fuso
Mkuu, nimebeba moramu miaka 11 na nikuambie kitu ambacho wateja hawaulizi. Ulienda machimboni? Wengi wanapiga simu tu. Machimbo yaleyale yana tabaka tofauti. Juu kuna udongo mtupu, katikati ndipo kuna moramu yenyewe, pembeni kuna changarawe safi zisizoshikana. Mnunuzi asipokuwepo, kijiko (mashine ya kuchimbia) kinachota penye urahisi. Ulichomwagiwa ni rangi gani?

#3 Kihamba_80
Nyekundu iliyoiva, nyepesi, ina vitundu vitundu. Ukiikanyaga inalia kama karanga.

#4 Dereva wa Fuso
Basi tayari. Hizo ni changarawe za volkano. Zinapitisha maji vizuri sana, lakini peke yake hazishikani. Tairi linazisaga zinakuwa vumbi, zinazobaki zinabingirika. Kwenye tambarare zinakaa, kwenye mteremko hazina pa kushika.

#5 Injinia Mstaafu
Namba 4 ana hoja, ila tusikimbilie kifusi. Nimefanya kazi za barabara vijijini kwa muda mrefu na nimeona moramu nzuri kabisa ikiondoka kwa masika moja kwa sababu maji hayakupewa njia yake. Mleta mada, hesabu kidogo. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Njia yako ina mita za mraba 240. Mvua ya milimita 40, ambayo kwa Marangu masika ni usiku wa kawaida, inakupa lita 9,600 zilizoanguka juu ya njia yenyewe tu. Hapo bado hujahesabu yanayoingia kutoka barabara ya kijiji, ambayo iko juu yako.

Nijibu matatu. Njia ina mgongo katikati au ni bapa? Mtaro wa pembeni upo? Na pale unapoingilia kutoka barabarani, mtaro wa barabara umepitaje?

#6 Kihamba_80
Shikamoo mzee. Mgongo hauna, tulisawazisha kwa jembe ikawa bapa. Mtaro wa pembeni hakuna. Pale kwenye maingilio fundi aliunganisha madramu mawili kwa kuchomelea akayafukia yawe kalavati. Moja limeshaoza kwa juu, limebonyea.

#7 Injinia Mstaafu
Marahaba. Basi una jibu lako la kwanza. Njia bapa kwenye mteremko inageuka mfereji. Kwa upana wa mita 3, katikati pawe juu kuliko kingo kwa sentimita 7 au 8 baada ya kushindilia, siyo kabla. Maji yasafiri mita moja na nusu kwenda pembeni, yasisafiri mita 80 kwenda jikoni kwa mama.

Madramu yatoe. Weka kalavati la zege la kipenyo cha sentimita 60. La sentimita 30 linatosha maji lakini halitoshi mkono na koleo la kulisafishia, na migomba yenu inaangusha majani mwaka mzima. Liinamishe sentimita 2 hadi 4 kwa kila mita ili lijisafishe. Kabla ya kugusa mtaro wa barabara zungumza na TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) wilayani, barabara za vijijini ziko chini yao tangu 2017.

#8 Nyamagana Mawe
Nimesoma zege, moramu, dramu, ila hakuna aliyetaja mawe ya kupanga. Mwanza sisi milima yetu imejaa barabara za mawe, magari yanapanda vilima ambavyo moramu isingekaa hata wiki. Nimezifanyia kazi kama fundi.

Jiwe halilazwi, linasimamishwa. Sehemu pana chini, ncha juu, yanabanana kama meno. Chini yake mchanga sentimita 5 hivi. Kisha vijiwe vidogo vinapigwa kwa nyundo katikati ya makubwa mpaka jiwe lisicheze ukilisukuma kwa mguu. Kingo zote mbili ziwe na mawe makubwa yaliyozamishwa na kufungwa kwa zege. Kingo zikiachia, kila kitu kinafunguka kama sweta. Kwenu Kilimanjaro mawe meusi yapo kila shamba, mnayalalamikia mkilima. Yatoeni yakae njiani.

#9 Tukuyu Mvua
Naunga mkono mawe lakini kwa tahadhari. Huku kwetu Rungwe mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka na njia zetu ziko chini ya migomba kama zenu. Mawe yaliyo kivulini yanaota kijani. Mzee wetu mmoja aliteleza kwenye njia ya mawe ya kanisani akavunjika nyonga. Kwa mama mwenye goti bovu ningefikiria mara mbili, au upunguze kivuli.

#10 Nyamagana Mawe
Kweli kabisa, ndiyo maana uso wa jiwe usichongwe ukawa laini. Acha ukwaru wake. Na kila mwaka unasugua kwa fagio la chelewa na mchanga. Mawe yanahitaji fundi mvumilivu, siyo wa kulipwa kwa siku halafu anatazama saa.

#11 Bint Mkuranga
Mimi niko tofauti na nyie wote. Huku ni mchanga. Mvua ikinyesha njia yangu ndiyo inakuwa ngumu, kiangazi ndiyo gari linazama! Tulichofanya ni kuleta udongo mfinyanzi kidogo, tukauchanganya na mchanga uleule kwa jembe, tukamwagia maji na kupitisha gari mara nyingi. Una mwaka wa nne. Mtaro sina na sihitaji, maji yanazama yalipoangukia. Kwa hiyo tusiseme mtaro ni lazima kwa kila mtu.

#12 Injinia Mstaafu
Bint Mkuranga umesema jambo kubwa. Mchanga una kokoto ndogo bila gundi, ukauletea gundi. Changarawe nyekundu za mleta mada nazo hazina gundi. Tofauti ni kwamba yeye yuko kwenye mteremko.

Moramu nzuri ya kutembelea juu ina vitu vitatu: mawe madogo ya kubeba uzito, mchanga wa kujaza nafasi, na udongo mfinyanzi kiasi wa kushikanisha. Udongo ukipungua inabingirika na kufanya mawimbi. Ukizidi inateleza kama sabuni. Kipimo cha mtu asiye na maabara: chekecha upate unga wake, ulowanishe, fanya kidonge ukubwa wa gololi, kianike juani siku mbili. Kikikauka kibonyeze kwa vidole. Kikisambaratika bila kutumia nguvu, gundi hakuna. Kikigoma kabisa mpaka utafute nyundo, udongo umezidi. Unataka kile kinachovunjika kwa shida.

#13 Mtu wa Kitengela
Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Huku Kenya tunaita maramu, na vitofali tunaita kabro. Mimi niko kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua ikija. Nilimwaga maramu juu yake moja kwa moja. Baada ya msimu mmoja maramu ilikuwa imezama, nikawa nachimba nikiitafuta kama viazi. Nikaweka kabro juu. Zikapanda na kushuka kama bahari. Mwishowe ikabidi tuondoe ule udongo mweusi sentimita 45, tujaze mawe, ndipo maramu. Ningelianza hapo ningeokoa nusu ya fedha. Mleta mada, chini ya hiyo moramu yako kuna udongo gani?

#14 Kihamba_80
Ni udongo wetu wa kihamba (shamba la nyumbani), wekundu unaoelekea kahawia, laini. Haupasuki. Ila nimekumbuka jambo. Kuna sehemu kama mita 45 kutoka juu, ubavu wa kushoto, gari likipita hata Januari panabonyea. Nilidhani ni kwa sababu ya mizizi ya mgomba uliong'olewa.

#15 Tukuyu Mvua
Hapo ndipo pa kushughulikia! Pakibonyea kiangazi maana yake kuna maji chini. Hayo hayatoki juu. Hata uweke mgongo wa ngamia, maji yanayotoka chini yatakilainisha kila kitu. Sisi tunachimba mtaro wa kina cha kiuno upande wa juu wa njia, tunajaza mawe makubwa chini, kokoto juu, tunafukia. Maji yanatembea ndani ya mawe na kutokea shambani mbali na njia.

#16 Mwana wa Masama
Nimeweka kambi kwenye uzi huu. Mkuu Kihamba, juu ya hapo mita 45 kuna mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia) unapita? Sisi kwetu tulihangaika miaka mitatu na ukuta wa choo uliokuwa unalowana, kumbe mfongo wa ukoo uliopita juu ulikuwa na tundu la fuko.

#17 Kihamba_80
Upo, shambani kwa baba mdogo, kama mita 20 juu ya masale. Unafunguliwa kwa zamu. Sikuwahi kuunganisha mambo haya.

#18 Dereva wa Fuso
Mfongo upo tangu mababu, mkuu, na njia ilikuwepo kabla yako. Mbona korongo limekuja baada ya moramu nyekundu? Mimi bado niko kwenye kifusi.

#19 Mwana wa Masama
Kabla yake walikuwa wanapita mbuzi na watu, Dereva. Fuso lenye tani 10 halijawahi kupita pale mpaka wewe na wenzako mlipoanza kurudi kinyumenyume na kishindo.

#20 Dereva wa Fuso
Hahaha, basi nimenyamaza kwa dakika tano.

#21 Siha Kwetu
Wakuu, mbona mnazunguka na jibu liko karibu? Wilaya ya Siha, barabara ya Lawate kwenda Kibong'oto, mwanzoni mwa miaka ya 2010 walijenga vipande vya majaribio vya aina tofauti kwenye barabara moja, kwa ufadhili wa Uingereza. Kuna mikanda miwili ya zege ya kukanyaga tairi, kuna mawe ya kupangwa kwa mkono na mengineyo. Mlima, udongo na mvua vinafanana na vya Marangu. Nenda ukaone kwa macho ni kipi kimedumu, usitegemee maneno yetu.

#22 Talawanda
Kweli, na mradi mwenzake ulifanyika Bagamoyo, Bago kwenda Talawanda. Huku kwetu mikanda ya zege ilinivutia mpaka nikajenga yangu nyumbani. Ushauri kwa aliye tayari kujenga: kila mkanda upana sentimita 60 angalau, mimi nilifanya 45 na wageni wakija usiku tairi linadondoka pembeni. Nafasi ya katikati jaza mawe na uoteshe ukoka.

#23 Fundi Zege Himo
Kwa mita 80 mikanda miwili andaa saruji mifuko 120, mchanganyiko wa moja, mbili, nne (saruji, mchanga, kokoto). Unene sentimita 12. Nipo karibu.

#24 Injinia Mstaafu
Fundi, hesabu yako imepanda. Mikanda miwili ya sentimita 60, unene 12, urefu mita 80 ni kyubiki mita 11 na nusu. Kwa moja, mbili, nne unahitaji mifuko 6 na kidogo kwa kila kyubiki. Hiyo ni mifuko 73 hivi. Ukizidisha ya kumwagika, 80. Zege la upana mzima wa mita 3 ndilo lingefika mifuko 180.

Na si lazima njia yote. Mleta mada, chukua mpira wa leveli wa mafundi ujenzi, upime umeshuka kiasi gani kila mita 10. Penye mteremko chini ya sentimita 6 au 7 kwa mita, moramu iliyojengwa vizuri inakaa. Ukipita sentimita 10 kwa mita, hakuna moramu itakayokutii.

#25 Fundi Zege Himo
Nashukuru mzee, nilipigia unene wa 15 na upana wa 80. Nimerekebisha.

#26 Majani ya Lushoto
Naomba kuuliza wenye mikanda ya zege: maji ya katikati mnayafanyaje? Kwetu Usambara jirani yangu alijenga mikanda mizuri kwenye mteremko, masika ya kwanza maji yakapita katikati ya mikanda kama mferejini. Yakachimba mpaka chini ya zege, mkanda mmoja ukaning'inia, gari lilipopita ukakatika.

Huku tulijifunza makinga maji mashambani, tukayapeleka njiani. Kila mita 20 hivi penye mteremko mkali tunakata njia kwa kituta cha mshazari, siyo cha kunyooka, kinachotoa maji pembeni. Pale yanapotokea tunapanda majani ya guatemala yayapunguze kasi. Bila hayo majani unahamishia korongo shambani. Vetiva nayo ni nzuri, mizizi yake inashuka sana.

#27 Talawanda
Swali zuri. Mimi kila mita 10 nimeunganisha mikanda kwa zege la mshazari lililozama kidogo katikati, maji yanakatwa hapo yanatoka. Sina mteremko mkali kama wenu, kwa hiyo sijui masika ya Marangu yangelifanyaje.

#28 Mzee wa Kihamba cha Chini
Vijana, mnaandika "yatoke pembeni", "yaende shambani". Shambani kwa nani? Hii ni Kilimanjaro, hakuna pembeni isiyo na mwenyewe. Mimi ndiye jirani wa chini. Kijana mmoja aliyejenga juu yangu aliweka mtaro mzuri wa zege, ukaishia kwenye mpaka wetu. Masika moja ukaondoa mashina yangu 14 ya kahawa. Hatukufikishana baraza la kata, alikuja na isale (jani la masale, la kuombea radhi) mkononi tukakaa, na akauendeleza mtaro wake mpaka mtoni. Lakini kahawa haikurudi. Kabla ya kuchagua kokoto, chagua maji yanaishia wapi, na umwone mwenye eneo hilo kabla ya kuchimba.

#29 Kihamba_80
Mzee, shikamoo. Hili nimelichukua kwa uzito. Baba mdogo tuko vizuri naye. Chini yetu kuna korongo la asili mita 40 kutoka uani, ni la ukoo.

#30 Mtu wa Kitengela
Kwa pale panapobonyea, kuna njia ya Wajapani inaitwa do-nou, imetumika barabara nyingi za vijijini huku kwetu. Unajaza magunia ya plastiki udongo au maramu, yote kipimo kimoja, unafunga, unapanga kama matofali ndani ya shimo, unashindilia kila tabaka kwa kipande cha gogo chenye mpini. Gunia likibanwa linakaza kilichomo ndani. Lazima ufunike na maramu juu, jua likipiga gunia miezi michache linakuwa unga. Kazi ya vijana wanne kwa siku moja.

#31 Dodoma Kavu
Mbona hakuna aliyesema oili chafu? Gereji wanagawa bure. Unamwaga juu ya moramu, inashika na vumbi linaisha.

#32 Mwana wa Masama
Mkuu, hapo juu kuna mfongo na chini kuna korongo linaloenda mtoni. Watu wanakunywa hayo maji. Tafadhali tusishauriane hilo.

#33 Dodoma Kavu
Sikufikiria mto. Kwetu mto ni mchanga. Nimeondoa wazo.

#34 Kihamba_80
Nimerudi na vipimo, Injinia. Tumetumia mpira wa leveli na dogo mmoja wa hapa. Mita 30 za juu zimeshuka sentimita 35, 40 na 45. Mita 50 za chini: 110, 150, 170, 160, 130.

#35 Injinia Mstaafu
Ahsante kwa kupima, wachache hufanya. Mita 30 za juu ni mteremko wa asilimia 4, hapo moramu ni halali yake, yenye mgongo na mtaro. Mita 50 za chini ni zaidi ya asilimia 14. Hapo ni zege au mawe, na mikanda ya mita 50 ni mifuko 45 tu. Acha ungio la kukata zege kila mita 3 lisipasuke ovyo, na zege limwagiwe maji siku 7 likiwa limefunikwa magunia. Watu wanaharibu zege zuri kwa haraka ya kuingiza gari siku ya tatu.

Moramu ya juu ishindiliwe kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, ikiwa na unyevu. Ukiifinya mkononi ishikane bila kuchuruzika. Kavu haishindiliki hata ulete rola. Ulimwaga kyubiki 42 hivi mwaka 2021, kama Fuso lilibeba 7. Ikishindiliwa hupungua kama robo. Wewe hukuipunguza kwa kitu chochote, uliiachia mvua ikushindilie.

#36 Dereva wa Fuso
Fuso lenyewe linaweza kushindilia, mzee. Ukimwaga tabaka jembamba, unalowanisha, halafu dereva anarudi akiwa amepakia, kila safari anasogeza tairi kidogo. Nimefanya hivyo kwa wateja. Ila lazima mteja awepo na amwombe dereva kwa adabu na chai.

#37 Injinia Mstaafu
Inasaidia kuliko kutofanya chochote, nakubali. Ila kwenye ule mteremko usimruhusu, breki zikishindwa chini kuna jiko.

#38 Nyamagana Mawe
Bado nasema mawe kwenye zile mita 50. Zege likikatika unabomoa kipande kizima. Jiwe likizama unaling'oa moja, unaongeza mchanga, unalirudisha.

#39 Kihamba_80
Wakuu, mvua ya kwanza imepiga usiku wa kuamkia jana. Nilitoka saa nane na koti na tochi nikasimama njiani kama saa nzima, nikaona mambo ambayo sijawahi kuyaona kwa miaka yote.

Maji ya barabara ya kijiji hayakuingia mwanzoni. Yaliingia baada ya dakika 20, majani ya migomba yalipoziba dramu lililobonyea. Yalivuka kwa mkupuo mmoja, ya rangi ya chai ya maziwa, yakabeba changarawe zikigongana, unazisikia kabla hujaziona.

Pili, kwenye mita 35 kuna maji yanavuka masale kutoka kwa baba mdogo. Nikamulika. Ni ya paa lake. Alipanua nyumba 2020, paa kama mita za mraba 150, gata hakuna. Kwa hesabu ya Injinia, milimita 40 ni lita 6,000, zote zinashukia kwenye kona ile moja. Na 2021 ndiyo niliweka moramu ya kwanza.

Tatu, leo mchana kumekauka kabisa, lakini ule ubavu wa kushoto mita 45 bado unatoka maji. Siyo ya chai. Ni meupe, kidogo kidogo, yana baridi.

#40 Tukuyu Mvua
Meupe na ya baridi siku ya pili: chemchemi ya msimu. Nilisema.

#41 Mwana wa Masama
Au mfongo. Mwombeni mzee wa zamu aufunge siku tatu mfululizo, kusiponyesha mtajua. Yakikauka ni mfongo, yakiendelea ni chemchemi.

#42 Mzee wa Kihamba cha Chini
Kuhusu paa la baba yako mdogo, usiende na lawama. Nenda na gata na tenki. Mwambie maji yale ni mali, mama yako na mke wake watayatumia wote.

#43 Kihamba_80
Ahsante mzee, nitafanya hivyo. Mzee wa mfongo amekubali kufunga kuanzia Alhamisi. Nimechomeka vijiti viwili pale maji yanapotoka, kimoja kwenye ukingo wa unyevu na kingine nusu mita juu yake, nione unyevu unasogea wapi. Zege nimelisimamisha mpaka nijue.

Na kidonge cha Injinia nimekifanya. Nilichekecha moramu iliyorundikana mbele ya jiko, nikaianika siku mbili juu ya bati. Nilipokigusa kimesambaratika chenyewe, sikukibonyeza hata kidogo.

#44 Majani ya Lushoto
Basi Dereva wa Fuso alikuwa sahihi tangu mwanzo.

#45 Dereva wa Fuso
Ningependa kusherehekea lakini hapana. Hiyo ya mbele ya jiko imeshaoshwa na maji misimu kadhaa. Kama ilikuwa na udongo, udongo ulishaenda mtoni zamani, zimebaki changarawe. Haiwezi kutoa ushahidi. Nenda machimboni, chota mpya kwenye tabaka la katikati, ufanye vidonge upya.

#46 Kihamba_80
Naenda Jumamosi, nikitoka kuangalia vijiti.